Kwa Wangui, Kabla ya Picha ya Steji

Wangui,

Sikuulizi hali. Nakusikia huko sebuleni ukigombana na zipu ya sanduku, na mtu mwenye nguvu za kugombana na zipu hana ugonjwa wowote. Mimi niko jikoni. Nimewaambia kwamba nakata kitambaa cha mteja, ndiyo sababu hakuna aliyekuja kunisumbua.

Mambo ya kuanika nguo, kufunga mlango na kuchemsha maji ya kunywa sitayaandika. Shangazi zako wamekufundisha hayo mchana kutwa. Yule wa Kerugoya, ambaye maisha yake yote amelala nje ya Kirinyaga siku moja tu, tena kwa kukosa gari, amekueleza kwa kirefu jinsi chuo kikuu kilivyo, nawe ukaitikia kwa adabu. Kwa elimu hiyo sina la kuongeza.

Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na ni afadhali niandike hasira ikiwa bado moto. Ikipoa nitaanza kukusifu, na sifa umelishwa za kutosha leo pale kanisani. Hotuba uliyotoa nitaifikia. Lakini siwezi kuifikia kabla ya kukwambia ilikotoka, maana ilitoka kwangu.

Wakati ule ulipopita mtihani wa darasa la nane na kuitwa shule kubwa ya wasichana, tulifurahi jioni moja, kisha tukaanza kuhesabu ada. Baba yako alikuwa kazini kwenye kinu cha mpunga kule Mwea, kama alivyo hadi leo, akija nyumbani mwisho wa mwezi na mfuko wa mchele wa pishori begani. Mimi nilikuwa na kibanda changu cha ushonaji sokoni Karatina. Hatukuwa watu wa kuombewa. Tulikula, tulivaa, tulilala pakavu, na shule ile ilikuwa juu ya uwezo wetu. Watu wengi wanaishi hivyo na hakuna ajabu yoyote. Kwa mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, hata hivyo, hilo lilikuwa jambo lisilowezekana: ama mtu ana uwezo, ama analala kwenye majivu.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu, akastaafu, na tangu astaafu hajapata mtu wa kumwambia anyamaze. Alituletea habari kwamba kuna watu wa ng'ambo wanaosomesha watoto werevu wa huku mlimani, na kwamba jina lako amelipeleka yeye mwenyewe. Hilo la yeye mwenyewe alilirudia mara nyingi, na bado analirudia. Wageni walipokaribia kuja kukuona, alifika hapa siku moja kabla yao, akasimama katikati ya sebule na kuizungushia macho. Aliangalia sofa. Aliangalia televisheni na vitambaa nilivyovifuma mwenyewe kwenye kila kiti. Akahuzunika, na huzuni yake ilikuwa ya kweli.

"Mama Wangui, hapa ni pazuri sana," akasema. "Hawa watu wametoka mbali. Hawawezi toka mbali hivyo waje kuona watu wako sawa."

Basi tukahama bila kuhama. Sofa ilibebwa kwa jirani. Televisheni ikafunikwa shuka na kuwekwa chini ya kitanda. Kwa sababu ng'ombe naye alikuwa amenenepa kupita kiasi cha umaskini uliotakiwa, alipelekwa kwa jirani huyo huyo, na ng'ombe ni mnyama asiyejua ufadhili. Saa yake ya kukamuliwa ilipofika alilia mpaka mgeni mmoja akauliza ni nini kinachomsumbua mnyama yule. Mwenyekiti akajibu kwamba ni wa watu fulani hapo chini, watu wenye uwezo. Jirani yetu hakuwahi kusifiwa hivyo maishani mwake.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, mwenyekiti aliuliza baba yako yuko wapi. Nikamwambia ameomba ruhusa kazini na yuko njiani. Akakuna kidevu. Akasema mwanamume mwenye afya namna ile akikaa pale mlangoni, wageni watakuwa na maswali. Hakusema tumwite marehemu, la. Mwenyekiti ni mzee wa kanisa na hawezi kusema uongo. Anachoweza ni kumwambia mtu akae mbali, kisha kuwaacha wengine wafikiri watakavyo.

Nilimpigia baba yako simu akiwa tayari Karatina. Alikaa siku ile nzima kwenye hoteli ya chai karibu na soko, mchele wake ukiwa miguuni, mpaka nilipomwambia wageni wamekwenda. Hakulalamika. Baba yako ni mpole hadi anaudhi. Kuna siku natamani avunje hata sahani, nijue kwamba nimeolewa na mtu.

Sasa kuhusu ile nguo. Mwenyekiti alitaka uvae yunifomu yako ya shule ya msingi, na akataka iwe imechakaa. Haikuwa imechakaa. Nilikuwa nimeishona mimi, na nguo niliyoishona mimi haichakai kwa miaka miwili. Kwa hiyo nilichukua wembe, nikaikata kwenye kiwiko. Nikalitazama lile tundu. Unajua mwenyewe kwamba siwezi kupita nguo ya mtu yenye tundu sokoni bila mkono kuniwasha, na hii ilikuwa ya mwanangu. Nikatia kiraka. Asubuhi mwenyekiti alipokiona alishika kichwa.

"Hiyo kiraka ni smati sana, Mama Wangui. Inakaa ya duka. Itoe, uache nyuzi zining'inie ning'inie hivi."

Nikakifumua. Nilikaa pale mlangoni na sindano, nikiharibu kazi yangu kwa uangalifu, nikichagua uzi upi uning'inie na upi ukatwe, na wewe ulikuwa umesimama mbele yangu ukiniuliza kwa nini. Ulikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini. Ulikuwa umewahi kubishana na mtu wa kupima maziwa mbele ya foleni nzima mpaka akarudia kupima. Nikakwambia unyamaze. Kisha nikakwambia maneno ambayo ningelipa ng'ombe kuyameza: "Wakija, angalia chini. Na usicheke."

Uliangalia chini. Wageni walipiga picha. Yule mama mfadhili wako, mzee mwenye mikono mikubwa na viatu vya kupandia mlima, alikushika mkono akakigeuza kiwiko, halafu akakunja pindo la sketi na kulitazama kwa makini. Akauliza kitu. Mwenyekiti akatafsiri: anataka kujua ni nani aliyeshona nguo hii, maana pindo ni zuri, na mama yake mwenyewe alikuwa fundi wa nguo. Nilikuwa nimesimama pale na birika la chai, futi ya kupimia ikiwa bado mfukoni. Mwenyekiti akanitazama. Nikasema sijui, tulipewa.

Yule mama aliachilia pindo na mambo yakaendelea. Nafikiri mara nyingi kwamba kama ningesema ni mimi, tungezungumza. Pengine angeniuliza juu ya uzi. Pengine angekusomesha vile vile, kwa sababu alionekana ni mtu wa kawaida tu, amechoka na jua na anataka kukaa kwenye kiti, na sisi viti tulikuwa tumevificha. Simdharau yeye. Alidanganywa na watu wazima watatu, na mmoja wao alikuwa mimi.

Hivyo ndivyo ulivyopata shule, na shule ulistahili. Kila alama uliyopata ulijitafutia. Lakini pamoja na shule ulipata kazi ya pili, nami nilikuwa naiita shukrani. Kila likizo ulikaa na mwenyekiti akikuonyesha jinsi ya kuwaandikia wafadhili. Mwanzoni uliandika kwamba umesoma sana na chakula cha shule ni kibaya. Akafuta. Akakwambia uandike juu ya baridi, juu ya viatu, juu ya mama anayefanya kazi usiku na mchana. Baba hakuwahi kuingia kwenye barua hata moja. Ukiwa kidato cha kwanza ulikuwa unarudi nyumbani umenuna. Ukiwa kidato cha tatu ulikuwa unamsomea mwenyekiti naye anafuta machozi, yeye aliyekufundisha.

Katikati hapo ilitoka kalenda. Watu wa ng'ambo waliichapisha na picha yako juu ya mwezi wa Aprili: kiwiko kinachungulia, nyuzi zinaning'inia kama nilivyozipanga, macho chini. Mwenyekiti alizigawa kama peremende. Moja ilifika shuleni kwenu. Ulikuja nyumbani likizo ile ukaniambia wasichana wa bweni wanakuita Aprili. Ulilia hapa hapa jikoni. Nikakwambia uvumilie, ni picha tu.

Sitaki unisamehe haraka kwa hilo. Nalitaja ili ujue kwamba nililisikia jina lile na nikaendelea kusonga ugali. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba aibu ni ada kama ada nyingine, ukishailipa imekwisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilikuwa nakulea kwa picha tu.

Lakini mwaka jana ulinipa moyo. Mwenyekiti alikuja akiwa na mpango wako wa maisha tayari. Utasomea uuguzi, akasema, kwa sababu muuguzi anapendeza kwenye picha akiwa na kofia yake, na pia ukirudi utawapima wazee wa kamati presha bila kupanga foleni. Ulimsikiliza mpaka mwisho. Kisha ukamwambia, "Hapana, Mwalimu. Mimi nataka uhandisi wa maji." Akakueleza kwamba mabomba ni kazi ya wanaume. Ukamuuliza, tangu wanaume wa kamati waanze kulishughulikia bomba la kanisa, limetoa maji siku ngapi. Nilicheka nikajifanya nakohoa. Ulikuwa umemwangalia machoni muda wote huo, na nikafikiri, huyu bado yupo.

Ndiyo maana leo imenichoma.

Nilijua sherehe ya kukuaga itakuwa ya kipuuzi, na haikuniangusha. Mheshimiwa alichelewa mpaka wali ukapoa, kisha akaja kutukumbusha kwamba elimu ni ufunguo, habari ambayo ilikuwa bado haijafika Nyeri. Alileta godoro. Godoro moja la mtu mmoja, na watu watano walilishika kwa ajili ya picha, wakalishika vizuri lisianguke, utafikiri ndani yake mlikuwa na mgonjwa. Waliosema kule nyuma kwamba msichana kusomeshwa mbali ni kumpoteza walikuwa mstari wa mbele wakipiga vigelegele. Hayo yote niliyatarajia. Nilikuwa nimejipanga kudharau kila mtu na kula wali wangu baridi kwa amani.

Kisha ukasimama wewe. Ulikuwa umependeza. Gauni lile nililishona wiki nzima, na safari hii sikumwambia mtu yeyote kwamba tulipewa. Ukashika kipaza sauti, ukainamisha kichwa, na kabla hujasema neno nikajua. Nilikijua kichwa kile.

Ulisema mlikuwa mnalala njaa. Ulisema kuna jioni mama aliinjika maji matupu ili mdhani kuna chakula kinaiva. Wangui, hadithi ya maji matupu nilikuwa naisikia kwa wahubiri hata kabla hujazaliwa. Katika nyumba hii sufuria haijawahi kuinjikwa tupu. Nilishona mpaka macho yakaniuma ili isiinjikwe tupu, baba yako alibeba magunia ya watu Mwea ili isiinjikwe tupu, na wewe ulisimama mbele ya kanisa zima na kuitupa nje kazi yetu yote kwa sababu maji matupu yanaliza watu vizuri zaidi. Na walilia. Shangazi wa Kerugoya alilia kuliko wote, yeye ambaye alikuwa anakuja hapa kula.

Halafu ukasema, "Mama alitulea peke yake."

Baba yako alikuwa amekaa mwisho, karibu na mlango, kwa sababu ndiko anakokaa siku hizi kila penye kamati. Alikuwa amevaa koti lake la harusi. Alitoka Mwea jana na mfuko wa mchele, ule mchele mliokula wote leo na kuusifu. Unajua hajawahi kukuita Wangui. Jina hilo ni la mama yake, nasi tulikupa kama desturi inavyotaka, na tangu siku uliyozaliwa anakuita mama. Hata alipokuwa anakubeba mgongoni kukupeleka zahanati, alikuwa akisema, mama, shikilia. Watu walipopiga makofi nilimgeukia. Alikuwa anapiga makofi pia. Alipiga mpaka wengine wakanyamaza, yeye akabaki anapiga, halafu akaona amebaki peke yake akaweka mikono mapajani.

Sijui kama ulimwona. Natumaini hukumwona, kwa sababu kama ulimwona ukaendelea, basi barua hii haina kazi.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nikajiambia umezoea tu, ni maneno ya kamati, kesho unaondoka. Ndipo nikapita karibu na chumba chenu na kusikia ukimwandaa mdogo wako kwa siku ya kamati. Nyambura yuko gredi ya tisa na mwenyekiti ameshaanza kumtupia jicho. Ulikuwa unamwambia kwa upendo, hilo nalikubali. Ulikuwa unamsaidia.

"Toa hizo herini," ukamwambia. "Ile sweta mpya usiivae siku hiyo, itatuharibia. Na wakikuuliza kama umekula, usijibu haraka."

Usijibu haraka. Mimi nilikufundisha kuangalia chini na kutocheka tu, na sikujua mengine. Wewe umeiendeleza kazi. Nyambura akauliza kwa nini, kama wewe ulivyokuwa ukiuliza, na ukamwambia anyamaze.

Nilikuwa nimemdharau mwenyekiti miaka hii yote na dharau hiyo ilikuwa imenistarehesha. Nilikuwa nikisema moyoni, sisi tunaigiza tu, yeye ndiye mjinga anayeamini. Kumbe hakuna aliyekuwa mjinga pale ila mimi. Mwenyekiti alijua anachofanya. Mimi nilidhani mtoto anaweza kuvaa uongo asubuhi na kuuvua jioni pamoja na yunifomu.

Nisikilize basi, na usinielewe vibaya. Sikwambii utupe ufadhili. Watu wanaojigamba kwamba hawapokei cha mtu nawajua, na wengi wao wanaishi kwa jasho la wake zao. Pokea. Soma mpaka mwisho. Yule mama mfadhili mshukuru, mshukuru kwa moyo, ukimwangalia machoni, mara moja na vizuri. Anayetaka ashukuriwe kila siku anataka kitu kingine, na kitu hicho huna deni nacho. Mwenyekiti atakwambia fadhila ya punda ni mateke. Ameniambia mimi msemo huo mara nyingi, na kila mara nimetaka kumuuliza kama amewahi kujali punda alikuwa amebeba nini.

Tena usidhani huko uendako hakuna kamati. Watu wa kukutafutia unyonge wako ili wautumie wapo hata chuoni, na wengine watakuwa na digrii tatu. Watakupa kipaza sauti. Ukiona unainamisha kichwa kabla hujasema neno, nyamaza ukae. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kuhutubia, ingawa Mheshimiwa anaweza kuwa wa kwanza.

Kuhusu Nyambura, nimeamua. Ataenda mbele ya kamati na herini zake, na sweta yake mpya, na wakija hapa watakalia sofa. Ng'ombe atakaa zizini kwake. Nitawaambia mimi ni fundi, baba yake anafanya kazi Mwea, mtoto ana akili na ada hatuiwezi yote. Wakimchukua hivyo, nitawashukuru. Wasipomchukua, ataenda shule ya kutwa hapa karibu, nami nitashona. Usimfundishe tena. Mimi nimeshamwambia asahau uliyomwambia, na akaniuliza, kwa hiyo Wangui alidanganya? Nikamwambia akuulize wewe mwenyewe. Atakuuliza asubuhi, na kama unavyomjua hatasahau.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jioni tulipokuwa tunakusanya viti, mwenyekiti alinivuta kando. Kesho atakuja steji, pale unapopandia gari, na kijana wake wa kamera. Wafadhili wanataka picha ya safari: wewe, sanduku, gari la Eldoret, mama anapunga mkono. Akateremsha sauti.

"Mzee abaki tu nyumbani, Mama Wangui. Hiyo picha inaenda ng'ambo, na mtoto mwenyewe amesema mmebaki pekee yenu. Tutaonekana aje?"

Nikaendelea kukusanya viti, sijui kwa hasira au kwa mazoea. Nilipofika nyumbani nilimweleza baba yako. Unajua alichosema? Alisema sawa, asubuhi kuna maziwa ya kupeleka, hata hivyo. Akaenda kuangalia kama ng'ombe ana majani. Nilimfuata zizini nikamgombeza kama mtoto. Nilimwambia mambo ambayo mke hapaswi kumwambia mume, nikamuuliza atabaki nyuma ya mlango mpaka lini. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mimi nataka tu afike. Sitaki kumharibia."

Hapo nikaishiwa na dharau. Nilikuwa nimedhani ni upole wa bure. Tangu ile siku ya hoteli ya chai amekuwa akijiondoa kwenye maisha yako kwa sababu tulimwambia kwamba akionekana, utakosa shule. Aliamini. Aliona bora uwe na shule kuliko uwe na baba, na hakumwambia mtu yeyote kwamba linamuuma. Lakini nilikuwa nimesimama karibu naye, Wangui, na nilimwona akimpa ng'ombe majani ambayo tayari alikuwa amempa.

Kesho maziwa atapeleka Nyambura. Koti nimelipiga pasi. Nimemwambia baba yako kwamba sanduku lako ni zito na mimi mgongo unaniuma, atabeba yeye mpaka steji. Amekubali, lakini amesema akifika pale ataliweka chini na kusimama ng'ambo ya barabara, kwa wauza ndizi, mpaka gari liondoke. Mwenyekiti hatahitaji hata kumfukuza. Amekwisha kujifukuza mwenyewe.

Mimi sitamwita. Ningeweza, na mdomo ninao, lakini nikimwita mimi atakuja kwa sababu ya mke wake, na si mke aliyesema pale kanisani kwamba hayupo. Sitamgombeza mwenyekiti pia, wala sitamkanyaga kijana wa kamera, ingawa nimefikiria. Nitavuka barabara nisimame na baba yako. Wakitaka mama wa kupunga mkono, watamkuta huko.

Kwa hiyo utakuwa peke yako mbele ya kamera, kama ulivyosema. Wakikwambia uko tayari, tazama ng'ambo kwanza. Yeye atakuwa anatazama ndizi, akijifanya ni mnunuzi. Mwite. Usimwite kwa niaba yangu, wala usiseme Mzee. Mwite baba, kwa sauti, mbele ya kamati na wauza ndizi na gari zima la Eldoret, na usubiri mpaka avuke.

Mama yako,
fundi wa nguo